Umeme Ukikatika Kwenye Baridi Kali: Somo la Texas

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, ilipotimu saa saba na dakika 20, waongozaji wa gridi ya umeme ya Texas walitangaza dharura ya ngazi ya juu kabisa na kuamuru umeme ukatwe mtaa baada ya mtaa. Nje kulikuwa na theluji na upepo. Kufikia asubuhi ya siku iliyofuata, Houston, mji uliozoea jua na unyevu wa Ghuba ya Mexico, ulikuwa umeshuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri, na uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulipima nyuzijoto 19 chini ya sifuri. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, nyingine kwa siku tatu mfululizo au zaidi. Idara ya afya ya jimbo ilikuja kuhesabu vifo 246.

Texas huongoza Marekani yote kwa kuchimba mafuta na gesi asilia, na huongoza pia kwa umeme wa upepo. Ilikuwaje basi watu wakafa kwa baridi wakiwa ndani ya nyumba zao, katika jimbo lenye utajiri wa nishati kiasi hicho? Swali hili linatuhusu. Houston, Dallas na Fort Worth zina jamii kubwa za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, na miongoni mwao wapo waliofika kama wakimbizi baada ya miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Ndugu zetu wengine wako Buffalo, Minneapolis na Toronto, ambako baridi ya namna hiyo huja kila mwaka. Wengi wao walikulia mahali ambapo kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida, lakini hakuna aliyewafundisha maana ya kukatika huko pale ambapo maji huganda bombani.

Hoja ya makala haya ina pande mbili. Nyumbani, kinachookoa maisha kwanza ni kuzuia joto lililopo lisipotee, na kukimbilia moto kunaweza kuua haraka kuliko baridi yenyewe. Lakini busara ya nyumbani ina mwisho wake. Baada ya siku mbili au tatu bila umeme, uhai wa familia unategemea maamuzi yaliyofanywa miaka mingi kabla na wenye mitambo na wenye mamlaka.

Gridi ilivyofika ukingoni

Marekani bara ina gridi kuu tatu: ya mashariki, ya magharibi na ya Texas. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kusimamia biashara ya umeme baina ya majimbo mwaka 1935, kampuni za Texas ziliamua kutouza umeme nje ya jimbo ili zisiwe chini ya usimamizi wa Washington. Uamuzi huo unaendelea hadi leo. ERCOT, taasisi inayoongoza gridi hiyo, huhudumia takriban asilimia 90 ya mahitaji ya umeme ya jimbo, lakini njia zake za kupokea umeme kutoka kwa majirani zilikuwa na uwezo wa megawati 1,200 hivi tu. Jioni ya tarehe 14 Februari, mahitaji yalipita megawati 69,000.

Mitambo ilianza kuzimika wakati huohuo watu walipokuwa wanauhitaji umeme zaidi. Uchunguzi wa pamoja wa FERC, mamlaka ya shirikisho inayosimamia nishati, na NERC, shirika linaloangalia uimara wa gridi za Amerika Kaskazini, ulitolewa Novemba 2021. Uligundua kwamba mitambo 1,045 ya Texas na majimbo jirani ilizimika, ilipunguza uzalishaji au ilishindwa kuwaka, jumla mara 4,124. Asilimia 44 ya hitilafu hizo zilitokana na kuganda: mabomba ya maji, vipimo, vali na panga za mitambo ya upepo. Asilimia 31 zilitokana na matatizo ya mafuta ya kuendeshea mitambo, hasa gesi. Baadhi ya wanasiasa waliharakisha kuulaumu umeme wa upepo, lakini kundi kubwa zaidi la mitambo iliyofeli lilikuwa la gesi asilia.

Kulikuwa na kosa jingine la mpangilio. Gesi haifiki kwenye mtambo yenyewe; husukumwa na mashine, na baadhi ya hizo huendeshwa kwa umeme. Vituo vingi vya gesi havikuwa vimeandikishwa kama huduma muhimu isiyokatiwa. Umeme ulipokatwa ili kuinusuru gridi, vituo hivyo vilizimwa pamoja na mitaa. Gesi ikapungua, mitambo ikakosa cha kuchoma, umeme ukazidi kupungua.

Kuelekea saa nane usiku hali ilikuwa mbaya mno. Umeme wa Marekani huenda kwa mzunguko wa mara 60 kwa sekunde. Mzunguko ukishuka chini ya 59.4 kwa dakika tisa, mitambo huanza kujizima ili isiharibike. Usiku ule ulikaa chini ya kiwango hicho kwa dakika nne na sekunde 23. Gridi ilinusurika kwa sababu waongozaji walizidi kukata, hadi megawati 20,000, kiasi ambacho hakijawahi kukatwa kwa amri katika historia ya Marekani. Bill Magness, aliyekuwa mtendaji mkuu wa ERCOT, alieleza kwamba kama gridi ingeanguka yote, kuirudisha kungeweza kuchukua wiki au hata miezi. Kwa hiyo kukata umeme usiku ule kulikuwa uamuzi sahihi. Kosa lilikuwa limefanyika zamani.

Februari 2011 baridi kali iliipiga Texas, mitambo ikaganda na umeme ukakatwa kwa mamilioni. Agosti ya mwaka huohuo, FERC na NERC walitoa mapendekezo ya wazi: funikeni mabomba, wekeni vipasha joto kwenye vipimo, ijaribuni mitambo kabla ya msimu wa baridi. Yalibaki mapendekezo, kwa kuwa hakukuwa na sheria ya kuwalazimisha wenye mitambo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa maisha ya watu. El Paso, mji wa Texas uliounganishwa na gridi ya magharibi, uliumia vibaya mwaka 2011, kisha kampuni yake ya umeme ikawekeza katika mitambo inayostahimili baridi. Mwaka 2021 walikatiwa umeme wateja wachache tu, kwa muda mfupi.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya joto

Zaidi ya asilimia 60 ya nyumba za Texas hupashwa joto kwa umeme, na nyingi hutumia vipasha joto vya zamani vinavyokula umeme mwingi. Wenye tanuri la gesi hawakusalimika, kwa sababu feni inayosambaza joto nyumbani na kidhibiti chake hutumia umeme. Gesi ilikuwepo bombani, na nyumba ikapoa hivyohivyo.

Kisha yakaja maji. Katika nyumba nyingi za huko mabomba hupita darini na kwenye kuta za nje, sehemu zinazopoa kwanza. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Barafu ikiyeyuka, maji humwagika na dari huporomoka. Mitambo ya kusafisha na kusukuma maji nayo ilikosa umeme, na zaidi ya watu milioni 14 waliambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa, wakati wengi wao hawakuwa na chochote cha kuchemshia.

Tusidhani kwamba nchi zilizozoea baridi ziko salama. Januari 1998, mvua iliyokuwa ikigandia kwenye nyaya iliangusha nguzo na minara ya umeme jimboni Quebec, Kanada. Zaidi ya wateja milioni moja walikosa umeme, baadhi yao kwa takriban mwezi mzima. Nyumba za Quebec zina kuta nene na imara, lakini nyingi hupashwa joto kwa umeme. Udhaifu ulikuwa uleule wa Texas: joto, maji, mapishi na mawasiliano vyote vinategemea waya mmoja.

Kilichoua

Kati ya vifo 246 vilivyohesabiwa Texas, 161 vilisababishwa na baridi yenyewe. Wengine 25 walikuwa na maradhi yaliyozidishwa na hali hiyo, 22 walikufa katika ajali za barabarani, 19 kwa sumu ya kaboni monoksaidi na 10 kwa moto.

Mwili wa mtu ukishuka chini ya nyuzijoto 35, viungo huanza kushindwa kazi. Mgonjwa hutetemeka, maneno humponyoka, mikono hushindwa kufunga kifungo, usingizi humzidi. Kutetemeka kukikoma huku bado amepoa, hali imekuwa mbaya zaidi, si nafuu. Wazee huwa katika hatari kubwa kwa kuwa miili yao hutambua baridi kwa kuchelewa, na watoto wachanga hupoteza joto haraka na hawawezi kusema. Aliyefikia hapo apelekwe hospitali. Wakati gari la wagonjwa linasubiriwa, avuliwe nguo zenye unyevu, apashwe joto kuanzia kifuani, na asipewe pombe, kwa sababu pombe hupeleka damu kwenye ngozi na joto huzidi kutoka.

Vifo vya kaboni monoksaidi vinatupasa kuvitazama kwa makini zaidi, kwa sababu vinagusa mazoea yetu. Mjini Houston watu waliingiza ndani majiko ya mkaa ya kuchomea nyama. Wengine waliwasha jenereta gereji, au walikaa kwenye gari lililowashwa ndani ya gereji. Aliyekulia Makete, Njombe, Lushoto, Limuru au Bukavu anajua jinsi jiko la mkaa linavyopasha chumba jioni ya baridi. Jiko lile liliwekwa katika nyumba yenye upenyo kati ya ukuta na paa, ambamo hewa hupita usiku kucha. Hata hivyo, kila msimu wa baridi huko nyumbani husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani wakafunga madirisha na hawakuamka. Nyumba ya Marekani au Kanada imezibwa makusudi ili hewa isipenye. Jiko hilohilo humo ndani ni hatari maradufu.

Kuna imani kwamba mkaa ukishashika vizuri, ukawa mwekundu na moshi ukaisha, hauna madhara. Imani hiyo imeua watu. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu hukosa hewa huku akiendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na familia nzima ikizipata kwa pamoja isidhani ni mafua. Itoke nje mara moja. Aliyelala hapati dalili, hufa usingizini.

Kinga yake ni king'ora kidogo cha betri kinachoitambua gesi hiyo. Hakigharimu zaidi ya mapochopocho ya sherehe moja. Wakati wa janga hilo Texas haikuwa na sheria ya jimbo zima ya kulazimisha kila nyumba iwe nacho. Anayepanga nyumba amuulize mwenye nyumba, na akijibiwa kwamba hakuna, anunue chake.

Hifadhi joto kabla ya kutafuta moto

Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100. Familia ya watu sita katika chumba kimoja kidogo huchangia karibu wati 600, usiku na mchana, bila moshi na bila gharama. Wakigawanyika katika vyumba vinne, joto hilo hutawanyika na kupotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza umeme ukikatika ni kuchagua chumba kimoja, kidogo, chenye madirisha machache, ikiwezekana upande unaopata jua, na kuwaleta wote humo. Mlango ufungwe na taulo lisokotwe chini yake. Madirisha yafunikwe kwa mapazia mazito au blanketi. Mchana jua likitoka yafunuliwe upande huo, kisha yafunikwe tena kabla halijazama. Sakafu itandikwe zulia, kwa kuwa anayelala chini hupoteza joto kupitia sakafu. Hema la watoto au meza iliyofunikwa mashuka huwa chumba ndani ya chumba.

Nguo nyepesi kadhaa zilizopandana hushika joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa hunaswa katikati yake. Ya ndani ibaki kavu. Kofia na soksi zivaliwe hata kitandani. Mtoto mchanga avalishwe nguo za kutosha badala ya kufunikwa blanketi zito linaloweza kumziba pumzi. Watu wapate chakula na vinywaji vya moto kama kuna njia salama, kwani mwili unahitaji chakula ili utoe joto. Mwanga uwe wa tochi, kwa kuwa mshumaa karibu na mablanketi ni chanzo cha moto.

Mabomba ya maji yaachwe yadondoshe matone, na milango ya makabati chini ya sinki ifunguliwe. Kila mtu mzima nyumbani ajue ilipo vali kuu ya maji, ili bomba likipasuka aifunge papo hapo. Friji isifunguliwe ovyo: chakula hudumu humo takriban saa nne, na kwenye friza iliyojaa hadi saa 48.

Hesabu ya betri na jenereta

Betri kubwa za nyumbani na jenereta zimekuwa biashara nono, na ahadi zake zinahitaji hesabu. Wanunuzi wa umeme kwa uniti wanaijua hesabu hiyo tayari. Betri ya kubebeka yenye uniti moja ikiwasha hita ya kawaida ya wati 1,500 huisha ndani ya dakika 40. Ikiwasha blanketi la umeme la wati 100, hudumu kwa muda wa saa nane au tisa, usiku mzima kwa mtu mmoja. Ikichaji simu tu, hudumu siku nyingi. Tofauti hiyo yatokana na kuupasha joto mwili badala ya kuipasha joto hewa ya nyumba nzima, kwa hiyo mwenye fedha kidogo anunue blanketi la umeme na betri ya kiasi.

Mwenye tanuri la gesi anaweza kuendesha feni yake kwa jenereta ndogo, ilimradi fundi mwenye leseni ameweka swichi ya kutenganisha nyumba na laini ya umeme. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme kwenye nguzo na kunaweza kumuua fundi anayetengeneza laini. Jenereta yenyewe ikae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, moshi ukielekezwa mbali na madirisha. Gereji si nje, hata mlango wake ukiwa wazi. Hita ya mafuta ya taa iwe ile iliyotengenezwa kutumika ndani, dirisha liachwe wazi kidogo, na izimwe kabla ya kulala.

Anayetegemea mashine ya oksijeni au ya kusafisha damu nyumbani asitegemee betri peke yake. Kampuni nyingi za umeme Marekani zina daftari la wateja wa aina hiyo, na daktari hujaza fomu. Kujiandikisha hakumhakikishii mtu umeme, lakini humpa nafasi ya kupata taarifa mapema, na taarifa ya mapema humwezesha kuhama kabla barabara hazijafungwa na barafu. Huko Texas, namba 211 huelekeza watu kwenye vituo vya kujipasha joto.

Giza halikugawanywa sawa

Mpango wa usiku ule wa Februari 2021 ulikuwa mgao wa zamu: mtaa ukae gizani kwa muda mfupi, kisha zamu ihamie kwingine. Mgao huo haukuwezekana. Umeme uliopaswa kukatwa ulikuwa mwingi mno, na laini zenye hospitali na huduma muhimu hazikuguswa, hivyo mitaa iliyobaki ikabeba mzigo wote kwa siku kadhaa. Katikati ya miji ya Houston na Austin, maghorofa ya ofisi zilizokuwa tupu yalionekana yakiwaka taa wakati mitaa ya makazi imezama gizani.

Ndani ya giza hilo pia watu hawakulingana. Mwenye gari na kadi ya benki alihamia hotelini. Mpangaji wa nyumba kuukuu, mwenye madirisha ya kioo kimoja na watoto watano, alibaki. Na tahadhari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtu haimfikii. Hapo ndipo makanisa, misikiti na vyama vyetu vya jamii vina kazi ambayo hakuna idara itakayoifanya kwa niaba yao: kuwa na orodha ya wazee na waliofika karibuni, kutuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi, na kumgongea mlango asiyepokea simu. Mmiliki wa duka kubwa la samani mjini Houston, Jim McIngvale, alifungua milango yake watu walale kwenye vitanda vya maonyesho. Ukumbi wa kanisa wenye jenereta unaweza kufanya hivyo pia, mipango ikiwekwa kabla ya dhoruba.

Kilichobadilika, na kinachobaki

Juni 2021 Texas ilipitisha sheria inayolazimisha mitambo ya umeme na vituo muhimu vya gesi kujiandaa kwa baridi, kwa faini inayoweza kufika dola milioni moja kwa siku. Vituo vya gesi vinavyolisha mitambo vilianza kuorodheshwa ili visikatiwe. Desemba 2022 baridi kali iliporudi, mahitaji ya umeme ya Texas yalivunja rekodi ya msimu wa baridi na gridi haikukata mitaa. Katika baridi hiyohiyo, TVA, shirika la umma linalohudumia Tennessee na maeneo jirani tangu 1933, lililazimika kukata umeme kwa zamu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Maandalizi yalileta tofauti, na hatari ikajitokeza kwa aliyekuwa hajajiandaa.

Kilichobaki nyuma ni nyumba. Kuziba nyufa na kuweka vizuizi vya joto kwenye dari na kuta hupunguza bili mwaka mzima, hupunguza mahitaji ya gridi usiku wa baridi, na huifanya nyumba ikae na joto kwa saa nyingi umeme ukikatika. Kazi hiyo haina mvuto wa kisiasa kama mtambo mpya, na anayeihitaji zaidi ni mpangaji asiyeruhusiwa hata kutoboa ukuta. Wenye nyumba wasipolazimishwa na sheria, au wasiposaidiwa kwa ruzuku, watu walewale watakuwa wa kwanza kupoa dhoruba ijayo.

Kwa hiyo kabla ya Desemba kila familia inunue king'ora, ichague chumba chake, ijue vali yake, na imkabidhi mmoja wao jukumu la kumpigia simu mzee anayeishi peke yake. Hayo yatatosha kwa usiku mmoja au miwili. Usiku wa tatu ni dhamana ya waliokabidhiwa gridi, na wapiga kura wa Texas, wakiwemo waliozaliwa Uvira, Kigoma na Kisumu, wana haki ya kuwauliza kila mwaka kama mabomba ya mitambo yao yamefunikwa.